Hakuna Shida Kisiwani

Kazi ya Fanuel ilikuwa kusema jua linawaka. Usicheke. Kila asubuhi aliingia kwenye kibanda cha redio pale kambini, akabonyeza kitufe na kuita ofisi ya Nairobi, na jambo la kwanza walilotaka kujua huko Nairobi ni kama jua lipo. Wazungu waliokuwa wakilala Masai Mara waliletwa kwa ndege ndogo kuja kuvua mbuta, wapigwe picha na samaki mzito kuliko watoto wao, wale, walale, warudi. Hakuna mtalii anayepanda ndege kufuata mvua. Basi Fanuel alisema jua lipo, ziwa limetulia, ova. Mara nyingi ilikuwa kweli.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo tu, huko ng'ambo ya Mfangano katika Ziwa Viktoria, na watu wa kwao Lambwe walimwonea gere kweli kweli. Wee, mtu anaishi mahali Wazungu wanavuka bahari kuja kustarehe, hashiki jembe, hashiki wavu, anaongea tu na kulipwa! Hakuwaambia kwamba alilala kwenye chumba cha mabati nyuma ya jenereta, wala kwamba kwenye vile viti vya ufukweni hakuruhusiwa hata kuegemea. Wala hakuwaambia kwamba mtu aliyeongea naye zaidi hapa duniani alikuwa Beverly wa ofisi ya Nairobi, msichana ambaye hajawahi kumwona hata kwenye picha. Mke wake Benta alimwona anapopewa likizo tu. Watoto walimzoea siku anayoondoka.

Lakini kazi aliipenda, tena aliiogopa. Alikuwa amekaa nyumbani miaka bila kibarua tangu kiwanda cha pamba kilipofungwa, akabeba mizigo sokoni Rodi Kopany, akajua maana ya kurudi kwa mkewe mikono mitupu jioni. Mwenye kambi, Mzungu mmoja mwenye sauti ya upole, hakuwahi kumpigia mtu kelele. Ukimkosea, alikuambia ukusanye vitu vyako, na boti ya jioni ikakuondoa. Fanuel alikuwa ameshaona wengi wakiondolewa hivyo.

Aliyemtia moyo kwenye maisha hayo alikuwa Cephas, nahodha wa boti ya kambi. Walizaliwa kijiji kimoja, nyumba zao zikitenganishwa na shamba la mtama, na wake zao, Benta na Susana, waliteka maji pamoja na kugombana pamoja na kupatana kabla ya jioni. Cephas alikuwa mtu wa mzaha. Alimwita Fanuel mchawi wa jua, akasema siku moja atamwagiza mvua kwa ajili ya mahindi ya Susana aone kama redio hiyo ina nguvu za kweli.

Mwezi wa nne, mwaka wa tisini na sita, wote wawili walikuwa waende nyumbani siku moja. Wake zao walikuwa na habari, na Susana alikuwa ameapa kuchinja jogoo. Asubuhi hiyo mawingu yalijipanga meusi upande wa Uganda, na upepo ulikuwa umeanza kunusa nusa paa za makuti. Fanuel aliyaona. Alikuwa na begi lake miguuni wakati Beverly alipouliza habari za hewa, akaambiwa kuna kundi la wageni limeshafika uwanjani Mara na linangoja. Akasema jua lipo. Aliposema hivyo mwenye kambi alikuwa mlangoni, akaitikia kwa kichwa kumsifu, kisha akamwambia kwa ile sauti yake ya upole kwamba kwa kuwa kundi linakuja, redio haiwezi kuachwa. Fanuel ataenda likizo baadaye. Cephas avuke peke yake, apeleke makreti ya chupa Homa Bay na kuendelea nyumbani.

Fanuel angeweza kubisha. Hakubisha. Alimsindikiza mwenzake hadi majini, akamwona ana shati jepesi tu na manyunyu yameshaanza, akavua koti lake la kazi, lile la kijani lenye jina FANUEL lililoshonwa kifuani kwa uzi mweupe, akamvalisha. Alimwambia amfikishie Benta alishone mfuko uliochanika. Cephas alicheka kwamba leo Susana atadhani ameletewa mume asiye wake. Wakaagana hivyo, kwa mzaha, bila hata kushikana mikono.

Ndege haikuja. Dhoruba ilikuja. Siku ya pili vijana wa kambi walikuta boti imepinduka mbali na njia yake, makreti yamekwisha kutawanyika, na Cephas hayupo. Walitafuta mpaka mafuta yakakaribia kuisha. Boti ikavutwa hadi kisiwani, ikafunikwa turubai nyuma ya ghala, na mwenye kambi akawaita wote jikoni. Alionekana amelia, na mimi sitasema kwamba alikuwa anaigiza. Alisema Cephas alikuwa kama ndugu yake. Alisema atakwenda mwenyewe kwa familia, atapeleka kila kinachohitajika. Ila wageni wa mashindano ya kuvua wako njiani, wageni wakubwa, na habari ya boti ikifika Nairobi hakuna atakayekuja, na wageni wasipokuja kambi inafungwa na wote hapa wanarudi makwao. Kwa hiyo wasubiri kwanza mashindano yaishe. Mpaka hapo, mtu asiseme neno, na redioni hasa.

Wote walinyamaza. Ni mlinzi mmoja tu, Mirumbe, Mkuria wa huko Migori karibu na mpaka, aliyemfuata Fanuel kibandani baadaye na kumwambia kwamba mke wa mtu hawekwi kungoja mashindano ya samaki. Fanuel akamjibu vibaya, kwamba yeye Mirumbe ana ng'ombe kwao, ndiyo maana mdomo wake ni mwepesi. Mirumbe hakurudi kulisema tena.

Siku chache zikapita. Fanuel alilala hovyo, alikula hovyo. Alijipa moyo kwamba Susana hatajua kuhesabu siku za nahodha, maana likizo za kambi huahirishwa kila mara, si hata yake mwenyewe imeahirishwa? Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Ndipo asubuhi moja, baada ya habari za jua, Beverly akamwambia asubiri kidogo. Alisema Willis, wakala wao wa Homa Bay, amepiga simu. Kuna kina mama wawili wamekaa mlangoni kwake tangu jana, wanasema wamesikia boti imepotea. Anauliza awajibu nini.

Mwenye kambi alikuwa ameketi pale pale, kikombe mkononi. Alimtazama Fanuel tu, kwa upole.

Kina mama wawili. Fanuel aliwajua bila kutajiwa majina. Aliwaona kabisa, Benta na leso yake ya maua, Susana akichuchumaa ukutani kwa sababu ya mgongo wake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ilikuwa sentensi moja tu iliyohitajika, na angeisema kwa Kijaluo au Kiswahili au kwa kulia, Beverly angeelewa. Lakini alifikiria ile mizigo ya Rodi Kopany. Alifikiria mikono mitupu.

"Waambie hakuna shida," alisema. "Watu wote wa kambi wako salama. Ova."

Beverly akashukuru, akasema hata yeye alikuwa ameshtuka. Mwenye kambi akanyanyuka, akamgusa bega, akatoka nje juani.

Mashindano yakaja, yakaisha. Mzungu mmoja akashinda, wakapiga makofi, wakanywa. Walipoondoka mwenye kambi akaanza kusema kuhusu hesabu za mwisho wa mwezi, halafu kuhusu wakili wake Nairobi anayepaswa kuulizwa kwanza. Fanuel alimsikiliza siku hiyo, akamsikiliza na ya pili. Ya tatu hakuomba ruhusa wala kukusanya vitu vyake. Alipanda ngalawa ya wavuvi wa dagaa waliokuwa wakivuka asubuhi, akateremka bara, akasafiri mchana kutwa, akaingia Lambwe jua likiwa linaelekea vilimani. Njiani alijipangia maneno. Angeanza kwa Susana. Angemwambia kila kitu, hata la redio. Alijiapiza hivyo, na nadhani alimaanisha.

Wa kwanza kumwona walikuwa watoto waliokuwa wakichunga mbuzi. Badala ya kumkimbilia kupokea mzigo, waliacha mbuzi wakakimbia wakipiga mayowe. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia akatupa jembe, akajifunika uso kwa kanga. Fanuel akaita jina lake, akamsalimia kama kawaida. Mama huyo hakuitika.

Alipofika kwenye lango la boma lake, ndani ya ua wa minyaa, kaka yake Walter alikuwa ameshatoka na kusimama katikati ya njia. Walter hakukimbia, mtu huyo ana roho ngumu. Alinyoosha mkono.

"Usivuke," akamwambia. "Kama ni wewe, kaa hapo. Usivuke kwanza."

Nyuma ya Walter, mbele ya nyumba, upande wa kulia wa mlango pale mwenye boma anapolazwa, kulikuwa na kaburi. Udongo wake ulikuwa bado haujashikana. Benta alikuwa amesimama kando ya nyumba, kichwa kimenyolewa upara, amejishika mdomo kwa mikono yote miwili, na hakusogea.

Walter ndiye aliyemweleza, kutoka upande wake wa lango. Kina mama walirudi kutoka Homa Bay wakiimba, kwa sababu ofisi iliwaambia wote wako salama. Halafu wavuvi wakaleta koti. Walilikuta limenasa kwenye matete, nalo lina jina kifuani, na Benta mwenyewe ndiye aliyeushona uzi ule. Walter mwenyewe alikwenda kwa wakala, na wakala akasema yeye amesema alichoambiwa. Mwili ukangojwa, ziwa halikuutoa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa anazunguka bila makao, atawarudia wenye nyumba kwa ndoto na magonjwa. Kwa hiyo walifanya kama wazee wanavyofanya. Walikata yago, lile tunda refu zito la mwegea, wakalivika shuka, wakalililia usiku na mchana, wakalizika kwa jina la Fanuel. Boma zima limekwisha kunyolewa. Na sasa mtu aliyezikwa amesimama langoni na viatu vyake, na hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kuona jambo la aina hiyo. Wataagiza wazee wakubwa kutoka Rodi Kopany waje waseme la kufanya. Mpaka waje, asivuke.

Fanuel akakaa chini, pale pale nje ya ua. Alitaka kumwita mkewe akashindwa. Alimuuliza Walter kuhusu nyumba ya Cephas, kama na huko wamezika.

Walter akatikisa kichwa. Alisema Susana amekataa. Wazee wamemwendea zaidi ya mara moja, na kila mara amewafukuza. Koti lilikuwa la Fanuel, anasema, si la mume wake. Kwa mume wake hakuna kilichopatikana hata kifungo, na ofisi ilitoa neno lake kwamba yuko salama. Hajanyoa. Hajavaa kaniki. Jogoo bado yuko, amefungwa mguu jikoni.

Na kabla Walter hajamaliza, Susana mwenyewe akatokea kwenye mtama. Habari ilikuwa imemfikia. Alikuja mbio na ule mgongo wake, kanga ikimdondoka, na watu waliokuwa wamekusanyika kwa mbali wakampisha njia. Yeye peke yake hakumwogopa Fanuel. Alimwangukia shingoni, akamkumbatia, akampapasa mikono na uso akihakikisha ni nyama, akacheka, akapiga kigelegele kimoja kirefu ambacho hakuna aliyekiitikia.

"Shemeji! Niliwaambia hawa. Niliwaambia na wakaniita mwendawazimu." Alikuwa anahema. "Kama wewe uliyezikwa umerudi, yeye je? Umemwacha wapi? Homa Bay? Au anakuja nyuma na mizigo?" Akachungulia njia, nyuma ya mabega yake.

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemtoka. Aliona nywele za Susana, alivyozisuka upya, mistari imenyooka. Alitamani lile kaburi liwe lake kweli.

"Cephas alikufa," akasema. "Siku ile ile ya dhoruba. Koti nilimvalisha mimi. Na lile neno la ofisi, kwamba wote wako salama, ni mimi niliyelisema. Nilijua ni nyinyi mnaouliza."

Benta alitoa sauti huko ndani ya ua, sauti ndogo, akaingia nyumbani na kufunga mlango. Susana alibaki amemshika Fanuel mikono. Halafu akaiachia, mmoja baada ya mwingine, akajifuta viganja kwenye gauni. Hakulia, hakumtukana. Aliokota kanga yake, akajifunga, akamgeukia Walter.

"Yago mlilikata wapi?"

Walter akamwambia kuna mwegea kando ya mto, chini ya daraja, na matunda bado yapo. Akasema vijana wanaweza kumletea kesho asubuhi. Susana akasema ataenda mwenyewe, sasa, kabla giza halijaingia, akaomba panga. Mtu akampa.

Fanuel akanyanyuka ili amfuate. Alisema lile tunda ni zito, mwanamke peke yake hataliweza.

"Wewe kaa," Susana akamwambia, na akashika njia ya mtoni.