Salamu Zisizotumwa

Msusi alikuwa kitinda mimba, na vitinda mimba wanajuana wenyewe: wakubwa wakinuniana, wao ndio wanaotumwa huku na huku. Shida ni kwamba kwao hakuna aliyemtuma. Kaka yake, fundi magari anayeitwa Spana na mtaa mzima, na dada yao Mwalimu, anayefundisha nchi nyingine, walikuwa hawasemezani mwaka wa saba huu. Baba yao alipougua, Spana na msusi walimuuguza. Mwalimu alitokea siku ya maziko. Spana akamwambia mbele za watu, "Umekuja kuzika, kuuguza hukuja." Mwalimu alichukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Basi kila sikukuu msusi huwapigia wote wawili. Na utampigiaje ndugu yako sikukuu bila kumpa salamu za ndugu mwingine? Akaanza kuzitunga. Mwaka wa kwanza ilikuwa "Dada anakusalimu" tu, ikaishia hapo. Mwaka wa pili Dada akawa anauliza hali ya mgongo wa Kaka. Mwaka wa tatu Kaka naye akawa anamwombea Dada afya njema, Spana yule yule! Uongo ulikolea kama mchuzi unaotiwa chumvi na mtu asiyeonja. Wale wawili, wabishi walivyo, hawakuzikataa salamu wala hawakuzijibu. Wakisikia husema "haya", kisha wanabadilisha mazungumzo.

Sikukuu ya mwaka huu saluni ilifurika. Msusi alikuwa amesimama tangu asubuhi, vidole vinawaka moto, simu ameibana kati ya sikio na bega, na mbele yake mteja ambaye nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka. Spana akaanza kulalamika: sikukuu gani hii, kila mtu na kona yake, utadhani hawakuzaliwa tumbo moja. Msusi, mtoto wa watu, alikuwa amechoka, amechoka hasa. Mdomo ukamponza.

"Dada anasema alikosea," akasema. "Anasema angefika mapema. Anaomba umsamehe."

Upande wa pili nyundo za gereji ziligonga mara kadhaa. Kisha Spana akasema kwa sauti ndogo, "Ngoja nimpigie," akakata.

Haya sasa. Salamu ni maneno ya kupita, lakini msamaha ni wa kujibiwa. Spana angemwambia Mwalimu nimekusamehe, Mwalimu angeuliza nani kakuomba, na kwa ndimi zao zile udugu ungeishia hapo. Na yeye mtunzi angewakosa wote wawili kwa mpigo mmoja. Aliacha kitana kimening'inia kichwani mwa mteja, akatoka hadi ngazini, akampigia Mwalimu ili awahi kuungama. Simu inatumika. Akapiga tena, inatumika. Dakika arobaini zikapita, na kwa watu wa kugombana dakika mbili zinatosha, kwa hiyo hakujua aogope au atumaini. Akaogopa. Mteja aliuliza kwa upole kama kichwa chake kinamalizwa leo au sikukuu ijayo. Msusi akarudi kusuka, na mistari ikaenda kombo.

Mwalimu alipopiga mwenyewe, msusi alitoka tena nje. Sauti ya dada yake ilikuwa nzito. Alisema Spana amempigia, amelia, amesema amemsamehe. Msusi hakungoja zaidi. Alimwaga yote, ya leo na ya miaka yote, akaomba radhi.

"Nilijua unatunga," Mwalimu akasema. "Spana hajaulizia afya ya mtu tangu azaliwe. Salamu zako nilikuwa nazingoja hivyo hivyo."

Msusi akauliza alichomjibu Spana.

"Nilimwambia ahsante. Halafu nikamwambia ukweli. Nilifika siku mbili kabla Baba hajafa. Nilichukua chumba kwenye gesti iliyotazamana na hospitali. Niliogopa kumwona vile. Kila asubuhi nilivaa viatu, nikakaa kitandani."

Hasira zikampanda msusi, hasira za kweli, kwa sababu siku hizo mbili alizikumbuka saa kwa saa. Neno kali lilimfika mdomoni. Mwalimu akamwahi.

"Baba aliniulizia?"

Jibu tamu lilikuwa tayari: hapana, Dada, hakuwa na fahamu. Kwa mzoefu kama yeye lingetoka bila jasho. Lakini aliona kwamba kumdanganya sasa ni kumrudisha kule kule gesti, akakae kitandani na viatu vyake.

"Alikuulizia," akasema. "Siku zote mbili. Kila mlango ukifunguka aliuliza kama ni wewe. Nilimwambia uko karibu, unakuja."

Mwalimu akaanza kulia kwa sauti. Msusi aliketi kwenye ngazi za saluni, bado amemkasirikia na anampenda vile vile. Ndani walimwita mara mbili. Hakuikata simu.