Machicha ya Utupa

Kwa kujisifu, Mama Majani hakuwa na mpinzani. Kabichi zake hazikuwahi kuonja dawa ya dukani. Wadudu aliwamaliza kwa majani ya mmea wa utupa, akiyatwanga, akiyaloweka kwenye pipa, akiyachuja na kunyunyizia. "Dawa ya Mungu haina madhara," alimwambia jirani wa ng'ambo ya mfereji, aliyezunguka shambani na bomba la dawa ya kiwandani mgongoni. "Wewe ndiye utatuua!"

Asubuhi moja samaki wa wifi yake walipoelea matumbo juu kwenye bwawa linalojazwa na mfereji huo, nani tena kama si jirani? Mama Majani alikuwa wa kwanza kupayuka. Watu wakamzingira baba wa watu, wakamtaka afungashe virago. Wifi akaita mpima maji, akakataza mtu yeyote kugusa maji ya mfereji mpaka afike.

Kisha Mama Majani akainama bwawani. Samaki waliobaki walikuwa juu juu, midomo wazi, wakitweta. Lo! Jana mchana alikuwa amesuuza pipa lake mferejini, machicha yote humo humo, maana majani ni majani tu, yataoza. Na babu yake alivulia utupa, akiumwaga mtoni samaki walewe waelee! Alilijua hilo tangu utotoni, ila kichwani mwake ule ulikuwa utupa wa samaki, na huu wake ni wa kabichi.

Akafyata ulimi. Mpima maji anakuja, alijiambia, atasema yeye. Akaingia jikoni kwa wifi, akakaa kumliwaza.

Mpima maji alifika alasiri, akatikisa vichupa vyake. "Dawa ya kiwandani hakuna hata chembe. Mmemwonea jirani yenu."

Watu wakashusha pumzi. Kwao, hiyo ilimaanisha maji ni safi. Wifi akachota kikombe mferejini papo hapo, akamwinamia mwanawe.

"Usimpe!" Mama Majani alipiga ukelele mpaka mtoto akaanza kulia.

"Wifi, vipi tena? Si amesema ni safi?"

"Amesema hakuna alichokitafuta. Nilichomwaga mimi hakukitafuta. Ni utupa wangu, wifi. Nimesuuzia pipa humo jana. Nisamehe."

Wifi akamwaga maji taratibu. Samaki hakuwataja kabisa. "Umejua lini?"

"Asubuhi."

"Na ndoo ya jikoni, unadhani niliichota mferejini lini?"

Mama Majani akageuka kuutazama mlango wa jikoni.

"Jana jioni," wifi akasema. "Ndiyo tuliyoshinda tukiinywa. Mtoto alipolilia maji, wewe ndiye uliyemshikia kikombe."

Jirani alikuwa ameshawasha pikipiki yake. Wifi akapanda nyuma, mtoto kifuani, waende zahanati. Mama Majani akakimbia, akanyoosha mkono amguse mtoto tu. Wifi akamgeuza mtoto upande wa pili.