Mazishi ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Riwaya ya Christabel Nangila ilikuwa na kurasa mia mbili, na kumi na mbili kati ya hizo zilikuwa za kumtafuta mbuzi aliyepotea. Mzee Makokha, baba wa mhusika mkuu, alipewa sentensi moja tu, ukurasa wa arobaini na moja: "Mzee alifariki Jumanne, akazikwa."

Wasomaji wake wa kanisani, waliokutana nyumbani kwake katika mtaa wa West Indies kila Jumamosi, hawakuwahi kukubaliana lolote kuhusu urefu wa kitabu. Cyril, fundi wa simu, alitaka sura fupi zinazoisha mteja akisubiri. Mama Nabalayo, muuza mahindi wa Soy, alitaka kitabu cha kumfikisha hadi mavuno, na kikiisha mapema aliona ameibiwa. Lakini kwa sentensi hii walikuwa kitu kimoja.

"Mbuzi apewe kurasa kumi na mbili, na mzee mzima umemwacha afe kibudu?" Mama Nabalayo alifoka.

"Hata mimi napenda story ikienda mbio," Cyril alisema, "lakini hapo, madam, umeturusha. Nilidhani kuna page imepotea."

Mwenyekiti wao, Mzee Zachariah Shitanda, karani mstaafu aliyeamini hakuna balaa isiyoweza kuundiwa kamati, alivua miwani. "Naona hapa tuko na msiba," alisema. "Tumzike huyu mzee vizuri, Jumamosi ijayo, halafu Christabel aandike yale ataona."

Christabel alicheka akidhani ni utani. Kisha akaona wanapendekeza mweka hazina, na kicheko kikamkauka.

Sentensi ile hakuiandika kwa uvivu. Baba yake mwenyewe alikufa mwaka ule wa korona, akazikwa na watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki, yeye akitazama kutoka nyuma ya ua. Shughuli yote ilichukua dakika kumi na moja. Tangu siku hiyo, kila alipojaribu kuandika mazishi, alifunga daftari akifika kwenye neno "akazikwa". Sasa watu wazima, wenye akili zao timamu, walitaka kumpitisha pale pale kwa nguvu, naye aliogopa kupita kiasi.

Jumamosi hema lilikuwa limesimama uani. Viti vilijaa, chai ilichemka kwenye sufuria kubwa, na kwaya ilikuja na sare zake. Kwa kuwa marehemu hakuwahi kupigwa picha, kijitabu cha ratiba kilibeba sura ya mkulima kutoka kalenda ya mbolea. Jirani mmoja aliitazama kwa muda mrefu, akaangua kilio. Mzee Makokha, alisema, ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumkatiza. Halafu mgombea wa udiwani aliyekuwa akipita aliona hema, akaomba maikrofoni asalimie watu tu, na kwa dakika ishirini akaahidi lami hadi mlangoni kwa marehemu.

Christabel aliketi mstari wa mbele na daftari lake, kicheko na hasira vikimpanda pamoja. Alitaka kuwafukuza wote, akianza na mgombea.

"Sasa tunaita binti wa marehemu," Mzee Zachariah alisoma kwenye ratiba.

Hakuna aliyesimama. Binti wa marehemu alikuwa mtu wa kwenye karatasi. Macho yote yakamgeukia aliyemwandika.

Christabel alisimama shingo upande, akapokea maikrofoni. "Mzee Makokha alikuwa mtu mzuri," alianza, na papo hapo akaona aibu, kwa maana mtu huyo hakumjua hata kidogo.

"Baba yangu aliitwa Lawrence Wangila," alisema. "Walimzika kama wanafukia takataka. Nilikuwa nimempigia suti pasi. Hawakutaka kuichukua. Nilirudi nayo nyumbani."

Alingoja mtu amwambie pole, ajikaze, akae chini. Ndivyo alivyokuwa ameambiwa miaka hiyo yote.

Mama Nabalayo alivuta kiti chake hadi karibu kabisa na maikrofoni.

"Hiyo suti," aliuliza, "ilikuwa rangi gani?"

"Kijivu."

"Ulipiga pasi wapi?"

"Kwa sitting room. Stima ilikuwa imepotea, nikatumia pasi ya makaa."

"Usikimbie, mama. Hayo makaa aliwasha nani?"

"Mimi," Christabel alisema, na machozi yakamtoka, ya kwanza tangu siku ile. "Niliwasha mimi, na yalikuwa mabichi, yakakataa kushika."

"Ehe," Mama Nabalayo alisema, akaweka mkoba wake chini. "Yakakataa kushika. Halafu?"