Shamba la Nyanya la Maurice

Mwanangu Bonface alinuka dawa ya tumbaku. Nilisema hivyo siku walipomleta, nikasema tena kaburini, na kila aliyeniambia ninyamaze nilimwambia anyamaze yeye. Mimi ni mkulima wa tumbaku. Miaka kumi na mmoja nimeinama juu ya miche hapa Uriri nikiinyunyizia dawa hiyo, naijua harufu yake kama ninavyojua jasho la mume wangu. Ilikuwa kwenye kola ya shati la mtoto, na kinywani mwake ilikuwa kali zaidi.

"Ni mikono yako, Celestine," mume wangu Oliver akaniambia. "Unanusa mikono yako mwenyewe."

Labda. Basi nikaisugua. Niliisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa, mpaka ngozi ya vidole ikaanza kutoka. Binti yetu Terry, wa miaka sita, alikataa nimlishe. "Mama, unanuka," akasema, akamkimbilia baba yake. Nilikaa jikoni nikalia kama mjinga, kisha nikatoa lile shati kwenye mfuko wa nailoni nilikolificha chini ya godoro, nikalinusa upya. Harufu ilikuwepo. Mikono haikuwa imeligusa tena tangu mazishi. Au ilikuwa imeligusa? Ndivyo nilivyokuwa wiki hizo, sijui tena kilichotoka kwangu na kilichotoka kwa mwanangu.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa tisini na nane. Bonface, miaka tisa, alikwenda kwa mjomba wake kama kila likizo. Mjomba huyo ni Maurice, kaka yangu wa tumbo moja, anayekaa ufuoni Homa Bay katika boma tulilozaliwa. Maurice ni mvuvi na hajawahi kushika jembe. Hata sukuma wiki ya mke wake huliwa na mbuzi yeye akitazama. Lakini ana moyo. Kila akija kwangu huja na samaki, na mimi simrudishi mikono mitupu. Nampa mahindi, mkungu wa ndizi, sabuni, dawa kidogo ya nyanya zake. Ndivyo dada na kaka wanavyoishi.

Siku ya Alhamisi Maurice alikuja na pikapu ya kukodi, mtoto amefungwa kwenye shuka. Akasema ni kipindupindu. Akasema walimkimbiza zahanati, akafia mikononi mwa muuguzi. Mwaka ule kipindupindu kilikuwa kinafyeka watu, hakuna aliyebisha, na kwa kuogopa maambukizi tulimzika jioni ileile. Sikupewa hata nafasi ya kumwosha vizuri. Nilipata nafasi ya kuinama tu, kumbusu. Hapo ndipo niliponusa.

Kaka yangu alikaa matanga siku tatu. Na siku hizo tatu nilimwona akifanya kitu ambacho sijakiona kwake tangu utotoni. Hakula. Huyu ni mtu wa kumaliza ugali wa watu wawili halafu aulize kama sufuria imebaki na ukoko. Sahani ilipofika mbele yake alimpa aliyeketi karibu. Chai aliiacha ikapoa. Maji aliomba kwa jirani, akayanywea hukohuko nje ya boma letu. Watu wakasema ni uchungu, mjomba alimpenda sana mtoto.

Mimi nikasema kimoyomoyo, ngoja kwanza. Kwetu, aliyeua hali chakula na waliofiwa. Haijalishi kama alikusudia au hakukusudia, kama anajulikana au hajulikani. Akitia mdomoni chakula cha nyumba aliyoitoa damu, ugonjwa utamrudia yeye na watoto wake. Hilo tulifundishwa kabla ya kufundishwa kusali, na hata mtu wa kanisani kila Jumapili tumbo lake linalijua.

Sikutaka kuamini kwamba ni Maurice. Afadhali awe Priscah, mke wake. Priscah na mimi hatujasalimiana vizuri tangu mama yetu afe na cherehani yake ibaki nyumbani kwao. Nikajiambia, mwanamke huyo amemtilia mtoto wangu kitu, na kaka yangu anajua, anamficha. Wazo hilo lilinipa nguvu. Nilikuwa sili wala silali, lakini nikilifikiria hilo naweza kutembea. Baada ya wiki mbili nilimfunga jogoo miguu, nikamtia kikapuni, nikamwambia Oliver nakwenda Homa Bay.

"Kufanya nini?"

"Kumpikia kaka yangu chakula."

Aliniangalia kwa huruma, akaniacha niende.

Nilianza na zahanati. Muuguzi mmoja aliyeitwa Damaris alinifungulia daftari kubwa bila kunisumbua, akashuka na kidole mstari kwa mstari, juma zima.

"Mama, wiki hiyo hatukuwa na mtoto wa kipindupindu. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja wa Julai, na alipona."

"Labda mlisahau kuandika."

"Kipindupindu hatusahau. Ofisi ya wilaya inatudai kila jina." Akanitazama vidole, ngozi ilivyochubuka. "Wewe umekula leo, mama?"

Nilitoka nje nikashika ukuta. Kwa hiyo mtoto wangu hakufikishwa popote. Alikufa ndani ya nyumba, watu wazima wakimtazama. Nilisikia hasira ikinipanda mpaka macho yakaingia giza, na nilishukuru, maana hasira ni nyepesi kuliko kile kitu kingine.

Ufuoni, bichi kama wanavyopaita wenyewe, wanawake walikuwa wakichagua samaki. Nilimkuta Mong'ina, mama Mkisii anayechukua samaki hapo na kuwapeleka soko la Oyugis. Tumefahamiana miaka mingi. Alinipa pole, akanishika mkono, kisha akageuza macho. Nikamuuliza kama kaka yangu ameshaingia kutoka majini.

"Sijui ya kaka yako, mimi sichukui tena samaki yake."

"Kwa nini?"

"Wacha tu."

"Mong'ina. Nimezika mtoto."

Alichukua mbuta mmoja kutoka kwenye beseni lake, akaniwekea mbele. Nzi walikuwa wamemjaa. "Unaona hiyo nzi? Hiyo ni samaki mzuri. Ya Maurice, nzi haikai. Ukimshika anavunjika kama mkate. Hao wanaweka dawa kwa maji, samaki anaelea, wanaokota tu. Wanauzia lori za kiwanda, lakini kwa nyumba yao hawapiki hiyo. Sisi wote kwa bichi tunajua. Polisi wakikuja, hakuna mtu anajua."

Dawa. Nilimwomba alirudie neno hilo, akalirudia. Nilitaka kucheka. Sikuwa mwendawazimu! Pua yangu haikunidanganya, mikono yangu haina kosa, na Oliver ataniomba msamaha. Nilipanda kilima kwenda kwa Maurice karibu nikikimbia, jogoo akipiga kelele kikapuni.

Boma letu limekaa juu ya mwamba. Nyuma ya nyumba ni mawe na minyaa, pembeni ni zizi la mbuzi. Maurice alikuwa ameketi akishona wavu. Aliponiona alisimama, akaketi tena.

"Nyaminwa," akaniita, kama anavyoniita tangu utoto, dada yangu.

"Nimekuja kukupikia," nikasema.

Priscah alitoka jikoni akijifuta mikono. "Wifi, karibu. Lakini hapa kwangu kuna mpishi, labda kama umesahau."

"Leo napika mimi."

Alitaka kunijibu, akaona uso wangu, akaniachia mlango. Nilimchinja jogoo, nikamchemsha, nikasonga ugali. Jua lilikuwa la utosi. Sikuharakisha. Nilipokuwa nageuza mwiko nilisali, na sala yenyewe ilikuwa ya aibu. Mungu wangu, awe Priscah.

Niliwawekea chakula kimoja mbele yao wote wawili, nikawanawisha mikono mimi mwenyewe. Priscah alinong'ona sala yake, akamega tonge, akachovya, akala. Akatafuna, akameza, akamega lingine. Nilimtazama koo. Lilifanya kazi bila shida yoyote. Mwanamke niliyemchukia wiki mbili nzima alikuwa akila kuku wangu kama mtu mwenye njaa ya mchana.

Maurice alimega tonge. Akalifinyanga. Akalifinyanga tena, mpaka likawa gumu na jeupe kama jiwe la mto. Akalirudisha kwenye sahani.

"Kula, kaka."

"Celestine, usinifanyie hivi."

"Kula."

Kaka yangu akaanza kulia. Analia vibaya, kwa mabega, tangu akiwa mtoto. Na katika kulia huko akaniambia yote. Asubuhi ile ya Alhamisi yeye na wavuvi wenzake walirudi na samaki wa dawa, ndoo zikasimama ufuoni zikingoja lori. Bonface hakuambiwa kitu. Angeambiwaje, mtoto wa miaka tisa anayejisifia mjomba wake kila mahali? Aliokota ngege wawili wadogo kwenye ndoo, akawachoma na matumbo yao nyuma ya mashua, akala peke yake. Saa nne alikuwa anatokwa mate na kutetemeka. Saa sita alikuwa hasemi.

"Muda wa saa mbili nzima," nikasema. "Zahanati iko hapo chini."

"Wangeuliza amekula nini. Polisi walikuwa bichi siku hiyo hiyo. Nilimpa maziwa. Nilifikiri maziwa itatoa hiyo sumu. Nilimbeba, nilitembea na yeye hapa hapa kwa nyumba..."

Nilimpiga. Nilimpiga usoni, kichwani, popote mkono ulipofika, na hakujikinga. Nilimwambia nitampeleka polisi, afie jela. Kisha nikakumbuka kwamba hajui hata kusoma maandishi ya kopo, na kwamba dawa kama hiyo haiuzwi dukani kwa mvuvi. Kulikuwa na mtu mwingine. Kulikuwa na muuaji hasa, mtu aliyekaa mahali akampa kaka yangu mjinga kile kitu mkononi, akijua ni nini.

"Nani alikupa dawa?"

Maurice aliinama, akauokota wavu wake.

"Nitajie jina! Nataka yeye kabla yako. Nitamtafuta hata akiwa Kehancha, hata akiwa amevuka Tanzania. Nani?"

Alimtazama mke wake. Priscah aliacha kutafuna. Alinyanyuka polepole, akaenda zizini, akainama nyuma ya jiwe. Akarudi na chupa ya soda ya kioo, akaiweka mbele yangu kando ya sahani ya kuku.

Ilikuwa imebaki nusu. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kitambaa cha kaki kilichoviringishwa, na kwenye pindo la kitambaa hicho kulikuwa na mshono wa uzi wa buluu. Mshono huo ni wangu; uzi wa kaki ulikuwa umeniishia, nikashonea nilichokuwa nacho. Ilikuwa kaptura ya Bonface ya darasa la pili. Ilipochakaa niliichana vipande vya kufutia taa.

Juni, Maurice alikuja na kikapu cha mbuta. Akaniomba dawa ya nyanya. Nikamtania, "Tangu lini wewe na jembe?" Akacheka, mimi nikacheka, nikaingia ghalani nikammiminia kutoka kwenye kopo la dawa tunalopewa na kampuni ya tumbaku, nikaziba chupa vizuri isije ikamwagika njiani. Na haikuwa mara ya kwanza. Krismasi nilikuwa nimekuja hapa hapa kwenye boma letu, nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta mahali pa kujisaidia, nikaona mawe na minyaa. Sikuona mche mmoja wa nyanya. Niliona, nikarudi mezani nikala samaki, na sikuuliza, maana samaki walikuwa wakubwa mwaka ule kuliko miaka yote.

Nilijua. Siwezi kusema sikujua. Nilichokijua nilikuwa nimekiweka mahali nisipopita.

"Nilimwambia hatutakutaja," Priscah akasema. Sauti yake haikuwa na kisasi, na hilo ndilo lililoniumiza. "Hata hiyo maneno ya kipindupindu, ilikuwa kwa ajili yako pia." Kisha akasogeza sahani upande wangu. "Chakula inapoa, wifi. Umetoka mbali. Kula."

Nilinawa mikono. Nikamega tonge, nikalileta mdomoni, na vidole vyangu vilipofika puani vilinuka. Nikalirudisha tonge kwenye sahani, kando ya lile la kaka yangu.

Nilifika Uriri jioni. Oliver alikuwa amesonga ugali mwenyewe na kukaanga mboga, amefunika sahani ya tatu. Yeye na Terry walikuwa wakinisubiri.

"Umekipata ulichokwenda kutafuta?" akaniuliza.

Nilimtazama mtu huyo. Hajawahi kumdhuru mtu. Alizika mtoto wake akaamini alichoambiwa, akanivumilia mimi na shati langu na ndimu zangu.

"Ilikuwa kipindupindu," nikamwambia. "Ulisema kweli."

Akashusha pumzi, akanivutia kiti. "Basi njoo tule."

"Nimekula njiani."

Huu ni mwaka wa pili sasa. Redio inasema samaki wa ziwa letu wanakataliwa ng'ambo kwa sababu ya dawa, na Oliver hutikisa kichwa, husema kuna watu hawana huruma. Namwekea chakula mezani yeye na Terry, kisha naenda kula changu kwenye banda la kukaushia tumbaku, nikiwa nimesimama. Wageni wakija huuliza mbona mama mwenye nyumba haketi nasi. Oliver huwajibu kwa sauti ya chini kwamba ni uchungu, mama alimpenda sana mtoto.