Asali ya Kuonja

Asmahani alipiga hesabu ya gharama za mwezi mara tatu, na mara tatu ikagoma palepale: laki sita na elfu sitini. Hilari, mfugaji nyuki wa Ipole anayemletea asali mjini Tabora, alishasema bila kumung'unya maneno kwamba gharama za kuuza na kuendesha duka, ambazo hukatwa kwenye mauzo ya asali yake, zikizidi laki sita, mzigo wake atawapa wanunuzi wenye malori. Bila asali ya Hilari, duka lingebaki na chupa tupu.

Akapitisha kalamu. Pango la duka halipunguziki. Mshahara wa Tekla, muuzaji wake, aa, yule ana watoto. Usafiri, chupa, umeme. Chumba cha ofisi cha pembeni, elfu themanini. Hicho alikipenda mno, kilikuwa na meza yenye droo. Mwisho asali ya kuonja, elfu sitini. Akaifuta, hesabu ikakaa, naye akajiona mjanja. Lo! Kosa gani hilo kulifanya Tabora!

Tarehe mosi akaja Mzee Nassibu, mteja wa miaka mingi, akakinga kiganja adondoshewe tone.

"Shikamoo, mzee. Mwezi huu hatuonjeshi."

"Marahaba. Sasa nitajuaje kama hamjatia sukari?" Akageuka, akaenda zake.

Wengine wakafuata njia hiyohiyo. Kufikia katikati ya mwezi zilikuwa zimeuzwa chupa tisa tu, na Asmahani alijichukia.

Akaandika upya bajeti ya mwezi uliofuata. Kuonja kukarudi, ofisi ikaondoka. Kiti chake akakihamishia kaunta, ubavuni mwa Tekla. Jumla, laki tano na elfu themanini.

Hilari alipokuja kuisoma bajeti hiyo, kidole chake kilisimama kwenye asali ya kuonja. "Dada Asmahani, huku si kugawa mali bure?"

Kabla hajajibiwa, akaingia mama mmoja msafiri wa Igunga, akakinga kiganja. Tekla akamdondoshea. Mama akaramba, akafumba macho, akacheka peke yake.

"Hii ya msituni kweli. Nifungie tatu."

Hilari alibaki kumkodolea macho. Miaka kumi na mitano amerina asali, na hajawahi kumwona mteja akiionja. Kwake yeye, safari ya asali iliishia kwenye ndoo. Akaivuta ile karatasi, akaomba kalamu.

"Imebaki elfu ishirini kufika laki sita," alisema. "Tuiongeze kwenye kuonja."