Vifuniko Vitatu

...wanne basi chumbani, si zaidi, Dakta Alan Pargeter aliyesimama nyuma ya mashine, Kewal Singh Bhogal wa Kisumu, fundi wa mashine yenyewe, Sista Magdalene Kemunto aliyeshuka kutoka wodi ya juu kuleta faili na bado hajaondoka, na yeye mwenyewe, Bethuel Onyango Odera, umri miaka sitini na sita, kifua wazi, amelala ubavu wa kushoto kama alivyoamriwa, na wa tano hakuwemo, wa tano alikuwa huko juu wodini, Walter Tranter wa Northfield, pumzi zikimkatika tangu Jumapili, sigara hizo, madaktari wamesema ni sigara, na Bethuel ameomba usiku na mchana wawe wamesema kweli... "Usitingishike, Mzee," Kewal akasema, akikandamiza kichwa cha mashine katikati ya mbavu zake, jeli baridi ikimtiririkia kwapani, "ukitingishika sauti inapotea, nitamletea daktari picha ya ugali uliokula jana," na Sista Kemunto akacheka, "Kewal wewe, mwache mzee wa watu," na karatasi ikaanza kutoka mashinani, mistari inapanda, inashuka, inapanda, huo ndio moyo wangu, akawaza, mawimbi ya sauti yanauendea na kurudi, yanasema ukuta upi umelegea na upi bado una nguvu, laiti ungekuwa umelegea... alishtuka kujisikia akiomba hivyo, lakini ndivyo alivyoomba, ulegee, uwe umetanuka kama kiriba, maana walikuwa wawili tu, yeye na Walter, mwaka 1961, kwenye ile maabara ya Digbeth, huku huku ughaibuni, chumba chenye joto la tambarare za Kano kwetu wakati wa kiangazi, vikopo vitatu vya kioo vyenye kunguni wakubwa wa Brazili, viwili vya kunguni safi, kimoja cha kunguni wenye vijidudu vya Chagas, vinavyoula moyo polepole kwa miaka, hao wa kunyonya panya, na safi walilishwa kwenye mkono wa mfanyakazi, ndiyo ilikuwa desturi, nusu saa kila Alhamisi, kikopo kinageuzwa kichwa chini juu ya ngozi, shashi katikati, na Walter akimwita kutoka upande wa pili wa meza, "Haya, Bethuel, wanao wanalia njaa, baba gani wewe?" naye akijibu, "Wangu wana adabu, Walter, hao wako ndio walafi"... "Vuta pumzi, toa, shika hapo hapo," na akashika, na ndani ya pumzi ile iliyoshikwa aliviona vifuniko vitatu mezani, wino umefifia kwa unyevu, naye, aliyefundishwa shuleni Maseno kwamba mwandiko ni tabia, akavifungua vyote akaandika majina upya, vizuri, kwa wino mweusi, akavirudisha, na wiki sita baadaye panya walionyonywa na wale kunguni wa Chagas walikuwa wazima wote, wanene, wanakimbizana, ndipo alipojua, amesimama pale na penseli mkononi, kwamba vifuniko alivichanganya, panya wamenyonywa na kunguni safi, na wale wenye vijidudu wameshanyonya mkono wa mtu, wake au wa Walter, akavitia vikopo vyote maji ya moto, akaandika kitabuni kwamba kunguni wamekufa kwa baridi, na hakumwambia mtu, miaka kumi na sita, hata mwezi uliopita alipokwenda kwa daktari alijitaja mwenyewe tu, kwamba huenda kunguni walimwambukiza, na damu yake ikajibu nusunusu, haikusema ndiyo wala hapana, kwa hiyo mashine hii, kwa hiyo jeli hii... "Ukuta wa nyuma, safi," Dakta Pargeter akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, kidole kwenye karatasi, "huu wa katikati, safi pia, chumba hakijatanuka hata kidogo, na damu ya pili imerudi asubuhi hii, Bwana Odera, haina kitu," na Kewal akampiga begani, "Umesikia, Mzee? Moyo wa kijana! Hata mimi sina," na wakamtazama wote watatu wakingoja afurahi, nao ukamjia mkononi ule ubaridi wa kikopo cha kioo, ni yeye basi, ni Walter, si sigara, na bado kuna nafasi, kuna vile vyombo vidogo wanavyoshona kifuani kuuongoza moyo, waambie, sema Chagas, sema jina, wewe uliyezoea kuandika majina... "Dakta," akasema, bado ubavuni, jeli ikimkauka, "yuko mtu wodini, Walter Tranter, moyo wake nao upimwe leo hii, kosa ni langu, mimi ndiye niliyeandika vifuniko," na daktari akainama, "Vifuniko gani?" na simu ya ukutani ikalia, Sista Kemunto akaipokea, "Ndiyo... ndiyo, mimi... lini?" akakirudisha chombo mahali pake taratibu, hakumtazama Kewal wala daktari, akamtazama yeye.

"Mzee," akasema, "Walter Tranter amefariki. Saa tano kasorobo."