Mashine Iliyokubali Balua

...lakini mbona iwe L, kati ya herufi zote zilizopo kwenye kibodi mbona iwe L, Germana alijiuliza, macho hayamtoki kwenye kile kioo cha chogo cha kompyuta ya zamani kilichogeuka buluu kona hadi kona, maandishi meupe ya Kiingereza juu yake, na Lwitiko fundi ameinama mbele yake, kidole kimoja kinaning'inia juu ya kibodi, anamtafsiria, "Mama, inasema hivi, ukibonyeza L inafuta vyote vilivyomo, ukibonyeza Eskepu tunaacha kama ilivyokuwa, sasa nibonyeze au nisubili?"... nisubiri, alimsahihisha moyoni, nisubiri, kwa r, mtu mzima na watoto watatu bado anasema nisubili... na papo hapo akasahau jibu alilokuwa nalo, maana alikuwa nalo, asubuhi alipofungua mlango wa steshenari alikuwa ameamua, jana pia alikuwa ameamua, na wiki iliyopita Imelda bintiye alipopiga simu kutoka Mbeya walikubaliana kabisa, "Mama achana na hiyo Window ekspii, wenyewe walioitengeneza wametangaza mwezi wa nne kwamba hawaishughulikii tena, utakaa nayo mpaka virusi viingie kwenye chai yako," na yeye akacheka, akasema sawa, namwita Lwitiko, na Lwitiko akaja na boksi, akatoa mashine mpya, kioo bapa, Window Eiti, akaiweka upande wa kushoto wa meza, ile ya zamani upande wa kulia, na makubaliano ni kwamba moja ibaki na nyingine iondoke leo, ya zamani ifutwe, ipigwe ekspii upya, iende shule moja kule Mpemba ambako hawana hata hiyo, au mpya irudi kwenye boksi, basi, hakuna la tatu, mezani hakuna nafasi na mfukoni hakuna nafasi, kwa hiyo ni L au Eskepu, ni swali ambalo hata mtoto wa chekechea... "Bamayo, bado?" Huyo ni Ba Mwila, dereva wa lori, Mzambia, kwake kila mama ni bamayo, ameegemea kaunta tangu saa nane, karatasi yake iko kwenye fleshi na fleshi iko kwenye mashine mpya, maana ile ya zamani iliifungua karatasi hiyo ikaonyesha vijisanduku vitupu mstari baada ya mstari, kama nyumba za shirika, na mpya ikaifungua hapo hapo, nembo ya kampuni juu, sahihi chini, lakini printa bado imefungwa kwenye ya zamani, na Lwitiko hataki kuifungua mara mbili, "Mama akishasema, naihamisha au naiacha, dakika mbili tu baba," na Ba Mwila akashukuru, "Natotela, lakini foleni ya mpakani inasogea, nikikosa hii karatasi nalala Tunduma siku ya tatu, na mke wangu kule Ndola, mimi nikimwambia ni foleni, yeye ananiuliza hiyo foleni inaitwa nani," na Lwitiko akacheka mpaka kidole kikatetemeka juu ya L, na Germana akataka kupiga kelele, toa kidole hapo, lakini akatabasamu kama mwenye duka anavyotabasamu... ilikuwa wapi ile fikra... mpya, ndiyo, mpya ina vigae vya rangi vinavyohamahama, na kile kitufe cha kuanzia, kilichokaa chini kushoto miaka yote, hakipo, jana alitumia karibu nusu saa kutafuta mahali pa kuizimia, akampigia Lwitiko, "Hii unaizimaje?" na Lwitiko akamwambia, "Peleka mausi pembeni kulia, mama, halafu unasubili itokee yenyewe," na yeye akasubiri, akakaa mbele ya mashine akisubiri kitu kitokee kwenye kona, akajiona mjinga, lakini si hilo, kuzima atajifunza, watu wamejifunza makubwa zaidi, kilichomkaa rohoni ni kile alichokifanya baada ya hapo, aliandika jina lake, kujaribu tu, Germana, na mashine ikachora mstari mwekundu chini yake ikamshauri labda alitaka kusema Ujerumani kwa Kiingereza, akaandika Tunduma, mstari, akaandika Fanuel, mstari, ikampa Manuel, na yeye akakitazama kioo bapa akasema kwa sauti, dukani hakuna mtu, "Manuel ni nani?"... kwa sababu ile ya kulia inamjua Fanuel, inawajua wote, haichori mstari chini ya mtu yeyote wa mji huu, na haikuzaliwa hivyo. Ilikuja kwa basi mwaka elfu mbili na tano, imefungwa kwenye godoro, Fanuel mumewe akaipokea stendi kama anapokea mgonjwa, akaketi mbele yake akaanza kuandika kwa vidole viwili, na mashine, iliyojua Kiingereza peke yake, ikachora mistari myekundu chini ya kila neno lake la Kiswahili, ukurasa mzima kama daftari la mtoto aliyefeli, mtu mwingine angezima ile mistari, Lwitiko mwenyewe alimwonyesha siku ile jinsi ya kuizima, lakini Fanuel alikataa, "Haijui tu, haijafundishwa," akawa anabonyeza upande wa kulia wa mausi, anashuka mpaka kwenye Ongeza, anabonyeza, mstari unaondoka, neno moja, halafu jingine, na, ya, kwa, shamba, kahawa, ng'ombe, mpaka, halafu majina ya wateja, Anyosisye, Sadock, na yule Kabula aliyetoka bondeni Momba kuandikiwa habari za malisho, Fanuel alimtajisha jina mara mbili, akabonyeza Ongeza, akamgeuzia kioo, "Ona mama, sasa mashine imekufahamu," na Kabula akakisogelea kioo akalitazama jina lake lisilo na mstari, akakohoa, akaketi vizuri zaidi kwenye benchi... miaka mitatu hivi, mpaka ukurasa ukawa safi. "Mama, fleshi ya mzee huyu niichomoe kwanza?" "Subiri kidogo, Lwitiko." "Nasubili." Ukurasa ukawa safi, ila ukawa safi kwa Kiswahili cha Fanuel, na Fanuel alikuwa Mndali wa Itumba, ulimi wake haukuwa na habari na r, akasema balua, akaandika balua, akafundisha balua, na ghalama, na halaka, mashine ikapokea yote, na yeye Germana, binti wa mwalimu wa Vwawa, aliyefundishwa r kwa rula, reli, ramani, rangi, sema tena, reli, ramani, rangi, mkono mbele, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe akasema, "Barua, Fanuel. Ba-ru-a," na Fanuel, bila kugeuka, "Mashine imekubali. Wewe nani?" Na ikawa ndiyo lugha ya nyumba yao, mboga ikizidi chumvi, mashine imekubali, shati likivaliwa kinyume, mashine imekubali, Imelda akiwa mdogo aliamini ni maneno ya kanisani... na sasa kidole kiko juu ya L. Amuulize. Amuulize tu, Lwitiko si mtu wa mbali, "Lwitiko, na maneno?" "Maneno yapi, mama? Mafaili yote nimeshahamisha, elfu moja mia mbili na kitu, nimekuwekea kwenye foda moja, nimeiita MZEE, ukiifungua unaona kila kitu." "Si mafaili. Yale maneno... aliyoyaongeza." "Yamo ndani ya mafaili, mama, balua zote zimo." Na Germana hakuwa na jina la kile anachokitaka, hakujua mashine huweka wapi kile ilichofundishwa, kama ni kwenye diski au kwenye kile kioo au kwenye lile boksi linalounguruma chini ya meza, mtu ukimuuliza yeye ameweka wapi r ya baba yake atasema ulimini au mkononi palipopigwa, na kitu usichojua kinakaa wapi utamwambiaje fundi akuhamishie, atakuona mjane anayelilia chuma... basi afute, afute yaishe, ile mashine inajigeuza buluu yenyewe mara mbili kwa siku, mpaka uipige kofi ubavuni, mwezi uliopita madereva watatu walichomoa fleshi zao wakavuka barabara kwa jirani ambaye kwake kila karatasi inafunguka, siku moja itakufa na maneno yake ndani bila kuuliza mtu L wala Eskepu, afute... au aache, mpya irudi kwenye boksi, na Ba Mwila avuke barabara, na kesho mwingine avuke, na yeye abaki na mashine inayomjua kila mtu ambaye haji tena dukani... hapana, haikuwa hivyo pia, haimjui kila mtu, kuna kitu anakizunguka, ni nini, ni siku ile baada ya mazishi, miaka miwili sasa, wametoka kumzika Itumba, akafungua duka, mteja wa kwanza akataka barua, akaandika barua, b-a-r-u-a, kama alivyofundishwa, na mstari mwekundu ukatokea chini yake, chini ya neno lililo sahihi, mashine ya Fanuel ikamkatalia barua, na Germana akacheka mbele ya mteja, kwa mara ya kwanza tangu msibani, mteja akampa pole, na tangu siku hiyo kila akiandika barua anachorewa mstari na hajawahi kubonyeza Ongeza, si kwamba hajui, vidole vinajua njia, ameuacha, wekundu ule ndio amekuwa akija kuukuta kila asubuhi... lakini kwa nini mashine haikuijua barua, hilo hajawahi kujiuliza, miaka saba mezani na barua haimo, wakati Fanuel aliwahi kuiandika kwa r, aliiandika, siku moja, mara tano... ah. Ile ya ofisi ya wilaya. Fanuel alikuwa ameshaichapa, wateja wako kwenye benchi, na yeye Germana akaichukua kwenye printa, akachukua kalamu nyekundu ya mauzo, akazungushia kila balua, moja, mbili, tano, akamrudishia karatasi mbele ya watu, mmoja kwenye benchi akasema, "Tichaa kamsahihisha mzee," wakacheka, na yeye akacheka nao, akisubiri Fanuel aseme kwamba mashine imekubali, na Fanuel hakusema. Alirudi kwenye kibodi akaitafuta r kama mtu anayetafuta chumvi jikoni kwa watu, akaibonyeza, mashine ikachora mstari, akaenda kwenye ya pili, mashine ikachora, mistari mitano chini ya maneno matano ambayo hakuwahi kuyasema, akachapa, akampa mteja, akazima kioo. Na Ongeza ilikuwa pale. Kubonyeza mara moja tu, na yeye aliyeongeza mpaka jina la Kabula wa bondeni hakuiongeza barua, akaiacha hivyo hivyo na mstari wake, siku hiyo, na mwaka ule, na mpaka anaondoka... kwa hiyo ule wekundu anaokuja kuukuta kila asubuhi, akidhani ni utani wa marehemu, si utani, ni kalamu yake mwenyewe, mstari katika nyumba ile alikuwa akiuchora yeye, kabla ya mashine na baada ya mashine, chini ya kila neno la mtu yule, na mtu yule alikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo neno lake lilipita... na ile mpya, jana, kumbe baada ya Manuel alijaribu na haya, aliandika barua, mstari, akaandika balua, mstari, yote mawili sawasawa, haijui nani kati yao alikosea, haijafundishwa tu... "Bamayo," Ba Mwila alisema, "foleni." Nje malori yalinguruma, yakasogea urefu wa lori moja, yakasimama. Kioo cha chogo kilikuwa buluu vilevile. Kidole kilikuwa pale pale, na Germana alikuwa hajui bado ni L au ni Eskepu, ila alijua neno la kwanza atakaloliandika kwenye mashine yoyote itakayobaki mezani, na alijua kwamba likichorewa mstari atashuka mpaka kwenye Ongeza, na vidole vyake, viwili, vilikuwa vimeshaanza kulitafuta juu ya ubao wa kaunta, b-a-l-u-a, "Mama," Lwitiko alisema, "nibonyeze, au bado nisubili?"... nisubili, alilisikia, akangoja mstari utokee chini yake moyoni, na haukutokea.